Kuchagua laptopu ndogo ya bei nafuu kwa mwanafunzi, na programu za kuiwekea

Mwanafunzi hahitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Anaandika insha, anatengeneza slaidi, anafungua PDF za mitihani iliyopita, anatazama video za masomo, na pengine anajifunza kuandika programu fupi. Kazi zote hizo zinafanyika vizuri kwenye mashine ya miaka minane iliyopita, mradi iwe na vitu viwili: RAM ya kutosha (kumbukumbu inayobeba programu zilizofunguliwa) na diski ya SSD (ile isiyo na sehemu inayozunguka). Mnunuzi anayelijua hilo humpatia mtoto kompyuta ya kumaliza nayo shule kwa fedha kidogo. Asiyelijua huvutiwa na mashine mpya inayong'aa, ambayo baada ya mwaka mmoja inakwama kila ikifunguliwa tabo ya tatu.

Hapa tunazungumzia kompyuta mpakato zenye kioo cha inchi 11.6 hadi 14. Zinaingia kwenye mkoba pamoja na madaftari, na nyingi zina uzito wa kilo moja na nusu au chini ya hapo.

Anza na shule, dukani baadaye

Muulize mwalimu maswali machache kabla hujatazama tangazo lolote. Kazi za nyumbani zinatumwa kwa Google Classroom, kwa Microsoft Teams, au kwa karatasi tu? Somo la kompyuta linafundishwa kwa programu gani? Je, mtaala unataka hifadhidata ya Microsoft Access? Je, mitihani inafanywa kwa programu inayofunga kompyuta nzima hadi mtihani uishe?

Majibu hayo ndiyo yanayochagua mfumo endeshi. Access inaendeshwa kwenye Windows peke yake. LibreOffice, kifurushi cha bure cha programu za ofisi, ina Base, nayo ni hifadhidata ya kujifunzia isiyo mbaya, lakini fomu na ripoti zilizotengenezwa kwa Access haitazifungua. Safe Exam Browser, inayotumiwa na shule nyingi kwa mitihani, ina matoleo ya Windows, macOS na iOS. La Linux, mfumo endeshi wa bure, halipo. Ikiwa shule haina masharti ya namna hii, uko huru kuchagua, na uhuru huo unapunguza gharama kuliko punguzo lolote la dukani.

Uliza pia kama wanafunzi wanapewa anwani za barua pepe za shule. Shule zilizosajiliwa na Microsoft hupata Office 365 A1 bila malipo, yaani Word, Excel na PowerPoint za ndani ya kivinjari. Kununua leseni ya Office kwa mtoto ambaye tayari anayo ya shule ni hasara ya bure.

Mpya ya bei ya chini, au mtumba wa ofisini?

Laptopu mpya za bei ya chini kabisa zimefanana kama mapacha: prosesa ya Celeron, RAM ya gigabaiti 4, hifadhi ya eMMC (chipu ya hifadhi ya bei ya chini) ya gigabaiti 64, ganda la plastiki nyembamba. Celeron yenyewe inavumilika. Kinachoudhi ni kwamba RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye ubao mama. RAM haiongezeki, eMMC haibadilishwi, na eMMC ikifa, ubao wote umekwenda. Zile zenye eMMC ya gigabaiti 32 usizikaribie: Windows hukosa nafasi ya kupokea masasisho makubwa, ikaanza kulalamika kila siku, na mtoto anajikuta anafuta picha zake ili mashine ijisasishe.

Kwa fedha ileile, mara nyingi hupatikana laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini. Mifano mizuri ya inchi 12.5 ni Lenovo ThinkPad X260 na X270, HP EliteBook 820 G3, na Dell Latitude E7270. Makampuni hununua mashine hizi kwa mkupuo, huzitumia miaka michache, kisha huziuza zote kwa pamoja; ndiyo maana vipuri vyake vipo kila mahali. Zote nne zina RAM ya DDR4 ya kuchomeka na SSD inayobadilishwa, na zinafunguka kwa bisibisi ya nyota ya kawaida. Angalizo moja: X260 na X270 zina nafasi moja tu ya RAM, kwa hiyo ukiikuta na gigabaiti 4 utaitoa hiyo na kuweka ya 8, huongezi ya pili pembeni. Na usidhani kila X ni sawa, kwa sababu X280 iliyofuata ina RAM iliyochomelewa.

Mashine mpya ina mahali pake. Prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ina nguvu inayokaribia Core i5 ya kizazi cha 8 huku ikila umeme kidogo sana. Ikiuzwa pamoja na RAM ya gigabaiti 8 na SSD ya kweli, inunue bila wasiwasi. Mtoto mdogo wa shule ya msingi naye anafaa zaidi na modeli za shule za inchi 11.6 zenye kingo za mpira, kwa sababu ataiangusha. Hilo lihesabu kama jambo la hakika.

Kinachopaswa kukataliwa hata kikitolewa karibu bure ni vile vikompyuta vya Intel Atom vilivyotamba baada ya Asus Eee PC ya mwaka 2007. Vingi vina RAM ya gigabaiti 1 au 2 na prosesa ya biti 32, na milango inavifungia: Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32.

Vipimo vya kusoma kwenye tangazo

RAM iwe gigabaiti 8. Windows 11 ikiwaka tu, kabla hujafungua chochote, inachukua karibu gigabaiti 3. Ukiwa na 4 umebakiwa na moja, na kivinjari chenye tabo tano kinaimaliza. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na diski ikiwa ya polepole kompyuta inaganda. Gigabaiti 4 zinatosha kwa Linux nyepesi au Chromebook (laptopu yenye mfumo wa ChromeOS wa Google), kwa mtumiaji asiyefungua tabo ishirini.

Ukinunua RAM ya kuongeza, linganisha aina. DDR4 ina pini 260 na DDR3 ina 204, hivyo haziingiliani kabisa. Mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L: zinaingia nafasi moja, ila DDR3L hutumia volti 1.35 na DDR3 ya kawaida 1.5. Mashine za Core za kizazi cha 4 na 5 zinataka DDR3L. Ukiweka ile nyingine, mashine inaweza kukataa kuwaka na kupiga milio, na wengi hudhani ubao umekufa.

Diski iwe SSD ya gigabaiti 128 kwa uchache. 256 inakaa vizuri zaidi. Laptopu yenye diski ya kuzunguka si ya kukataa, ila ipunguzie bei kwa kiasi cha SSD utakayonunua. Badiliko hilo moja linarudisha uhai wa mashine kuliko jingine lolote. Kabla ya kununua SSD, ifungue uone nafasi iliyopo: ya SATA ya inchi 2.5 (unene wa milimita 7), au ya M.2. Ikiwa ni M.2, angalia urefu, kwani 2280 ni milimita 80 na 2242 ni milimita 42, kisha thibitisha kama nafasi inapokea NVMe (aina ya kasi zaidi) au SATA tu. SSD ya NVMe kwenye nafasi ya SATA inaweza kuingia vizuri kabisa na bado isionekane.

Prosesa isomwe kwa namba, kwani neno "Core i5" peke yake halina maana. Tarakimu baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U cha 8, i5-10210U cha 10. Muuzaji anayesema "ni i5" na kunyamaza, mwombe namba yote. Kati ya i5 ya mwaka 2011 na ile ya mwaka 2017 kuna tofauti ya mbingu na ardhi. Celeron N4020 inabeba kazi nyepesi, N4120 yenye kori nne ni afadhali. N3350 na AMD A4 za zamani ziache.

Kioo cha 1366 kwa 768 kinatosha kwenye inchi 11.6. Juu ya hapo tafuta 1920 kwa 1080. Kiinamishe mbele na nyuma: ikiwa rangi zinageuka mara tu unapokisogeza, ni paneli ya TN, na wanafunzi wawili hawawezi kuisoma pamoja.

Kukagua kabla ya kulipa

Nenda na fleshi yenye Linux Mint (namna ya kuiandaa iko chini), visikizi vya masikioni, na simu yenye kifurushi cha intaneti. Tenga nusu saa au zaidi. Muuzaji asiyekupa nusu saa amekujibu swali.

Zima mashine kabisa, iwashe, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine: F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP. Ikidai nenosiri usilolijua, irudishe hapohapo. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi limehifadhiwa ndani ya chipu ya ubao, na kuondoa betri ndogo ya saa hakulifuti, hata fundi akikuahidi vipi. Humohumo BIOS tafuta Computrace au Absolute. Ikionyesha imewashwa, mwenye mali wa zamani anaweza bado kuifuatilia na kuifunga.

Kufuli nyingine haiko BIOS. Windows iliyowekwa upya ikiunganishwa na intaneti, kisha ikaleta jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi, mashine hiyo bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni hiyo. Kuifomati hakuondoi usajili. Chromebook nazo ni hivyohivyo: ikifutwa kabisa na kurudi na ujumbe kwamba inasimamiwa na taasisi fulani, ni msimamizi wa taasisi hiyo peke yake awezaye kuiachilia.

Sasa betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Faili iitwayo battery-report.html inahifadhiwa kwenye folda ya mtumiaji. Ifungue kwa kivinjari utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa leo ikijaa. Tuseme wa kwanza ni mWh 46,000 na wa pili mWh 29,900. Gawanya wa pili kwa wa kwanza: betri imebakiwa na asilimia 65. Laptopu ya inchi 12.5 ikitumika kuandika hula takriban wati 8, kwa hiyo Wh 29.9 (yaani mWh 29,900) ukigawanya kwa 8 unapata karibu saa tatu na robo tatu. Kwa mwanafunzi inatosha. Chini ya asilimia 50, ingiza bei ya betri mpya kwenye hesabu yako.

Mashine kuukuu ambayo namba zake mbili zinalingana kabisa ina betri mpya, au ina betri bandia yenye chipu ya kudanganya. Namba hazitakuonyesha ipi ni ipi, video itakuonyesha. Chomoa chaja betri ikiwa asilimia 100 na ucheze video dakika 20. Betri nzima ya saizi hiyo hupoteza asilimia kama 7 hadi 10. Ikishuka hadi 80, usiamini ripoti. Tazama pia kama tachipadi imeinuka au kitako kinacheza juu ya meza iliyo sawa. Hiyo ni betri iliyovimba, na haitobolewi wala kusukumwa irudi.

Diski ikaguliwe kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows, au programu ya Diski iliyomo kwenye Linux Mint. Kwenye diski ya kuzunguka, sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa zikiwa zaidi ya sifuri, diski inaelekea kufa. Kwenye SSD soma asilimia ya uhai iliyobaki.

Kibodi ijaribiwe herufi moja baada ya nyingine ndani ya Notepad, pamoja na namba, Shift mbili na mishale. Kibonye kinachohitaji kubonyezwa kwa nguvu leo hakitafika muhula ujao. Weka ukurasa mweupe ujaze kioo, kisha mweusi: kwenye mweupe utaona madoa na nukta zilizokufa, kwenye mweusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Fungua na kufunga kioo polepole mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Ikilia, au plastiki ya kona ikiachana, itavunja ganda.

Chaja isomwe kibandiko. Volti zidishwe kwa ampea: 20V na 3.25A ni wati 65. Volti zinapaswa kulingana na za laptopu. Ampea zikizidi hakuna ubaya, zikipungua kuna ubaya. Dell na HP wana kipini chembamba katikati ya tundu kinachoitambulisha chaja. Kikipinda au chaja ikiwa ya kuiga, Dell huwaka lakini hukataa kujaza betri na hupunguza kasi ya prosesa, nawe ukadhani mashine ni mbovu. Tikisa waya kidogo pale unapoingia. Taa ikizimika-zimika, tundu limelegea. Laptopu zinazochajiwa kwa USB-C ni nzuri, ila chaja ya simu ya wati 18 nyingi zitaikataa.

Mwisho cheza video ya 1080 kwa dakika kumi ukiwa kwenye Wi-Fi. Feni ikiunguruma kama inataka kuruka na video ikakatika, huenda ni vumbi na grisi ya joto iliyokauka. Hilo linatengenezeka kwa gharama ndogo. Ni hoja ya kushusha bei. Jaribu kamera, maikrofoni na kila tundu la USB kwa fleshi uliyokuja nayo.

Windows, Linux au Chromebook?

Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 64. Maana yake X260, 820 G3 na E7270, zote za kizazi cha 6, hazimo kwenye orodha. Njia za kuilazimisha zipo, lakini hakuna ahadi kwamba masasisho yataendelea kuja, na mwanafunzi hapaswi kuwa mtu wa majaribio. Shule ikilazimisha Windows, nunua kizazi cha 8. Isipolazimisha, kizazi cha 6 na Linux Mint ndiyo ndoa tunayoipendekeza kwanza.

Ukikuta Windows mpya iliyo kwenye S mode, inakubali programu za duka la Microsoft tu. Kuiondoa ni bure na hufanywa kwenye Mipangilio, kurudi hakuna.

Chromebook ni rahisi kuliko zote kutunza, na ina ukomo wake. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho, na zilizotoka kuanzia mwaka 2021 hupata miaka 10. Miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, hata kama wewe umeinunua leo. Tarehe hiyo iko ndani ya mipangilio yake, sehemu ya Kuhusu ChromeOS; iangalie kwa macho yako. ChromeOS Flex inaweza kuwekwa bure kwenye laptopu kuukuu ya kawaida, ila haiendeshi programu za Android, jambo ambalo huwashtua wengi baada ya kuiweka.

Kuweka Linux Mint

1. Kwenye kompyuta yoyote pakua Linux Mint, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Matoleo ya familia ya 22 yatasasishwa hadi mwaka 2029. Faili ni karibu gigabaiti 3.

2. Hakiki faili. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti ya Mint. Upakuaji uliokatika katikati ndicho chanzo kikubwa cha usakinishaji unaokwama bila sababu.

3. Chomeka fleshi ya gigabaiti 8 na utumie Rufus au balenaEtcher kuiandikia. Kila kitu kilichokuwamo kinafutika. Kuburuta faili na kuiweka kwenye fleshi hakutoshi; haitawaka.

4. Washa laptopu ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP, kisha chagua fleshi. Acer nyingi huwa zimezima menyu ya F12. Iwashe kwanza ndani ya BIOS.

5. Mint itawaka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo, na kuilaza usingizi kisha kuiamsha. Kadi za Wi-Fi za Broadcom ndizo sumbufu. Unganisha simu kwa waya wa USB ishiriki intaneti, kisha fungua Meneja wa Viendeshi upakue kinachokosekana.

6. Hamisha faili zozote za zamani, bofya ikoni ya kusakinisha, weka alama kwenye kisanduku cha kodeki za video na muziki, na uchague kufuta diski yote. Diski isipoonekana kabisa, hasa kwenye Dell, rudi BIOS ubadilishe hali ya SATA kutoka RAID kwenda AHCI. Badiliko hilo huizuia Windows iliyopo kuwaka, kwa hiyo lifanye pale tu ulipoamua kuifuta.

7. Ikishawaka, sasisha yote, washa Timeshift ichukue nakala za mfumo, na umfungulie mtoto akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Nenosiri la msimamizi ubaki nalo wewe.

Programu za kuiwekea

LibreOffice inatosha kwa insha, majedwali na slaidi. Malalamiko mengi kwamba inaharibu mpangilio wa faili za Word ni suala la fonti. Faili iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa mahali ambapo Calibri haipo, mistari inasogea na kurasa zinaongezeka. Weka fonti za Carlito na Caladea: herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, na mistari inabaki mahali pake. Kazi ya kukabidhi ihifadhiwe kwa docx ya kuhariri na PDF ya kusomwa, zote mbili. PDF haibadiliki popote ifunguliwapo.

Kwa hesabu, GeoGebra. Grafu, jiometri na aljebra zimo ndani yake. Kwa sayansi, majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder yanafunguka ndani ya kivinjari, na hata laptopu dhaifu inayamudu mengi. Watoto wa hadi miaka 10 wana GCompris na Tux Paint. Wanaoanza kuandika programu waanze na Scratch. Programu yake ya nje ya mtandao imetengenezwa kwa Windows na macOS, hivyo kwenye Linux weka TurboWarp, inayofungua miradi ileile. Akivuka hapo apewe Thonny, ambayo inakuja na Python yake, na humwonyesha thamani ya kila kigeu mstari kwa mstari.

Kivinjari kiwe Firefox na uBlock Origin. Kuzuia matangazo kunapunguza RAM na kifurushi cha intaneti kwa pamoja. Kwenye Windows weka pia muunganisho wa Wi-Fi wa simu kuwa wa kupimwa, la sivyo masasisho yatamaliza data usiku mmoja. Antivirasi ya kununua haihitajiki; Defender iliyomo inatosha. Programu za kulipia zilizovunjwa leseni ndizo zinazoleta virusi, na fundi anayekuwekea Office ya namna hiyo "bure" amekuuzia tatizo.

Ambako intaneti ni ya shida

Kiwix inaweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta. Ya Kiingereza pamoja na picha ni takriban gigabaiti 100, kwa hiyo chagua toleo lisilo na picha au mkusanyiko wa somo moja. Ya Kiswahili ni ndogo zaidi kwa mbali. Faili hizi za Kiwix, ziitwazo ZIM, hukwama kunakiliwa kwenye fleshi kwa sababu moja inayojirudia: fleshi imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili lililozidi gigabaiti 4. Ifomati upya kwa exFAT.

Shule au kikundi cha wanafunzi kinaweza kutumia Kolibri. Laptopu moja inapakua masomo na mazoezi mara moja, kisha nyingine zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ruta isiyo na intaneti na kufungua masomo kwa kivinjari. Hapo hata zile zenye RAM ya gigabaiti 4 zinafaa, kwani kazi kubwa inafanywa na ile moja.

Ikishafika nyumbani

Vioo vingi vya wanafunzi huvunjwa na kalamu iliyosahaulika juu ya kibodi wakati wa kufunga. Mfundishe kupitisha kiganja juu ya vibonye kabla ya kufunga, na kuibeba kwa kitako, kamwe asiishike kwa kioo. Mfuko wenye sifongo ununuliwe siku ileile ya laptopu. Isitumike juu ya kitanda, kwa kuwa shuka huziba tundu la hewa chini yake.

Faili za shule zinakiliwe kila wiki kwenye fleshi inayokaa nyumbani, na zile muhimu ziwekwe pia mtandaoni. BIOS au programu ya Lenovo, Dell na HP ikiwa na chaguo la kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, iwashe kwa mwanafunzi anayefanya kazi akiwa amechomeka waya muda wote. Likizo ndefu ikifika, iache betri ikiwa karibu nusu. Ikiachwa sifuri kwa miezi, seli hushuka chini ya volti ambayo saketi ya ulinzi inaikubali, na siku ya kufungua shule chaja inachomekwa bila taa yoyote kuwaka.